Chokaa Katika Lami: Kwa Nini Barabara Nyingine Huoza Mapema



Ukipita katika barabara ya lami baada ya mvua za masika utaona jambo la kushangaza. Kipande kimoja cha barabara ni kizima. Hatua mia mbili mbele, kipande kingine kimejaa mashimo. Magari yanayopita ni yale yale. Mvua iliyonyesha ni ile ile. Lami ni nyeusi huku na ni nyeusi kule. Basi kwa nini kipande kimoja kimeoza na kingine hakikuoza?

Swali hili lilizuka katika darasa letu la kisomo, katika kijiji kimoja kilicho kando ya barabara kuu. Siku hiyo tulikuwa tunasoma habari za bei ya nyanya. Akina mama walilalamika kwamba mwenye lori amepandisha nauli ya matenga. Alipoulizwa sababu alisema kwamba mashimo yanamvunjia springi. Na juma lile lile kijana mmoja wa bodaboda aliingia usiku katika shimo lililojaa maji, akavunjika mguu. Mzee mmoja akasimama akasema:

"Mwalimu, lami ni lami. Mimi nilikuwapo walipoimwaga. Walimwaga mwaka mmoja huku na kule. Iweje moja ioze na nyingine isioze? Tueleze."

Sikuweza kumjibu. Kazi yangu ni elimu ya watu wazima, si ujenzi wa barabara. Nilimwomba mzee anipe juma moja. Kisha nikaenda kwenye kambi ya mafundi waliokuwa wakiziba mashimo, nikamwuliza mhandisi wao. Haya mnayosoma ni yale niliyoonyeshwa pale kambini, pamoja na yale niliyosoma baadaye.

LAMI NI GUNDI

Watu wengi hudhani kwamba barabara ya lami imejengwa kwa lami. Sivyo. Imejengwa kwa mawe.

Chukua kilo 100 za ule mchanganyiko mweusi unaomwagwa barabarani. Kilo 95 hivi ni kokoto, mchanga na vumbi la mawe. Lami yenyewe ni kilo 5 hivi tu. Mawe ndiyo yanayobeba uzito wa magari. Kazi ya lami ni kuyashika mawe hayo yasitawanyike. Lami ni gundi.

Gundi hii hutokana na mafuta ghafi yanayochimbwa ardhini. Mafuta ghafi huchemshwa kiwandani. Petroli, mafuta ya taa na dizeli hupanda juu kama mvuke, na kila kimoja hukusanywa mahali pake. Kinachobaki chini, kizito na cheusi, ndicho lami. Zamani Afrika Mashariki tulikuwa na viwanda vya kusafisha mafuta ghafi. Kile cha Kigamboni, Dar es Salaam, sasa ni ghala la kuhifadhia mafuta. Kile cha Mombasa kiliacha kusafisha mafuta mwaka 1913? Hapana, hilo ni kosa ambalo wanafunzi wangu hulifanya wanaposoma tarakimu haraka. Ni mwaka 2013. Kwa hiyo lami yetu hununuliwa nchi za nje, kwa fedha za kigeni. Kila kilo ya lami inayobanduka na kusombwa na maji mtaroni ni mali ya wananchi iliyopotea.

Lami ikiwa baridi ni ngumu. Ikiwa moto hutiririka kama asali. Ndiyo maana huchanganywa na kokoto mtamboni kwa moto mkali, nyuzi za joto 150 hivi. Maji huchemka kwenye nyuzi 100, basi fikiri moto huo ulivyo. Mchanganyiko humwagwa na kushindiliwa ungali moto. Ukipoa kabla ya kushindiliwa, kazi imeharibika.

MAJI HUINGIA KATI

Lami ina maadui watatu wakubwa: jua, uzito na maji. Jua huikausha lami polepole hadi ikawa ngumu na kupasuka kama ngozi ya kisigino. Uzito tutauzungumza baadaye. Hapa nataka tukae na maji, maana ndiyo yaliyouliziwa na mzee.

Kila mtu aliyewahi kupasua fenesi anaujua utomvu wake. Ukishika fenesi kwa mikono mikavu, utomvu unanata, wala hautoki kwa maji. Kwa hiyo mama hupaka mikono mafuta kwanza. Utomvu haubadiliki, ni ule ule. Lakini mafuta yamekaa kati ya ngozi na utomvu, na utomvu hauna pa kushika.

Jiwe na lami ni vivyo hivyo, ila hapa kinachokaa katikati ni maji.

Sasa sikiliza jambo hili, maana ndilo kiini cha habari yote. Mawe si sawa. Mawe ya chokaa, kama yale ya pwani, hushikana na lami vizuri. Lakini yako mawe mengine yanayopenda maji kuliko lami. Mfano ni granaiti, yale mawe makubwa yenye chembe zinazometameta, kama yaliyorundikana Mwanza, Singida na Dodoma. Mfano mwingine ni yale mawe meupe yanayong'aa kama kipande cha chupa. Mawe haya ni magumu sana na hubeba uzito vizuri. Lakini ukiyapaka lami, kisha maji yakapata njia, jiwe huyakaribisha maji na kuiacha lami. Maji hupenya kati ya jiwe na gundi yake, na lami hubanduka kama ganda la ndizi.

Magari nayo huongeza ubaya. Lori linapokanyaga barabara yenye maji, maji hayana pa kukimbilia. Husukumwa kwa nguvu kuingia ndani ya vijinafasi vidogo katika lami. Gurudumu likipita, hufyonzwa kutoka tena. Sukuma, fyonza, sukuma, fyonza, mara elfu kwa siku. Mara nyingi kubanduka huku huanzia chini, mahali pasipoonekana. Juu barabara bado ni nyeusi na inapendeza. Chini kokoto zimeachana. Siku moja kipande kinang'oka, na watu husema, "Shimo hili limetokea jana." Halikutokea jana. Lilianza miezi mingi nyuma.

DAWA NI CHOKAA

Mhandisi alinionyesha mfuko mweupe. Nikaucheka, maana niliujua. Ni chokaa, ile ile tunayopaka kwenye kuta za nyumba.

Watu wa pwani wanaijua chokaa tangu zamani sana. Majumba ya mawe ya Kilwa na Unguja yalijengwa kwa chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe. Njia yenyewe haijabadilika sana. Jiwe la chokaa huchomwa kwa moto wa nyuzi 900 hivi. Hutoka chokaa kali, ambayo ikiguswa na maji huchemka na kuweza kuunguza ngozi na macho. Chokaa hiyo kali hunyweshwa maji kiwandani kwa kiasi, ikawa unga mweupe uliopoa. Unga huo uliopoa ndio unaotumika katika lami.

Namna ya kuutumia ni rahisi. Kokoto hulowanishwa kidogo, kisha hunyunyiziwa unga wa chokaa na kugeuzwa hadi kila jiwe lipate mavazi meupe. Halafu hukaushwa kwa moto mtamboni, na ndipo lami hutiwa. Mitambo mingine hutia chokaa kavu moja kwa moja.

Chokaa inafanya nini? Inabadilisha uso wa jiwe. Jiwe lililokuwa linapenda maji sasa limevaa vazi la chokaa, na vazi hilo linapenda lami. Tena ndani ya lami mna asidi kidogo. Asidi hiyo ikikutana na chokaa, viwili hivyo hufungamana na kufanya kitu kipya ambacho maji hayawezi kukiyeyusha. Ni kama mshono kati ya jiwe na lami. Faida nyingine ni kwamba unga mwembamba wa chokaa huifanya lami iwe nzito zaidi, isilainike upesi juani. Na huichelewesha kuzeeka.

Hili si jambo la majaribio. Katika jimbo la Georgia, nchini Marekani, chokaa imekuwa ikitiwa katika lami za barabara kuu tangu miaka ya 1980. Nchi nyingine nyingi hufanya hivyo pia, hasa pale mawe yanapokuwa ya aina ile inayopenda maji.

JARIBIO LA SUFURIA

Mimi ni mtu wa kuamini baada ya kuona. Mhandisi akacheka, akaagiza sufuria mbili za maji yanayochemka.

Katika sufuria ya kwanza alitia kokoto zilizopakwa lami tupu. Katika ya pili alitia kokoto za aina ile ile, zilizovishwa chokaa kwanza ndipo zikapakwa lami ile ile. Akaziacha zichemke dakika 10. Kisha akamwaga maji na kuzitandaza kokoto juu ya karatasi nyeupe.

Zile za sufuria ya kwanza zilikuwa kama kuku aliyenyonyolewa nusu. Mawe mengi yalionekana meupe, na lami imejikunja pembeni. Zile za pili zilibaki nyeusi karibu zote. Nilizishika kwa mkono wangu zilipopoa.

Jaribio hili la kuchemsha hutumika kweli katika maabara za barabara, ili kuona upesi kama jiwe na lami vinapatana. Liko pia jaribio kubwa zaidi. Hutengenezwa vipande vya mviringo vya mchanganyiko wa lami. Nusu ya vipande huachwa vikavu. Nusu nyingine hujazwa maji na kulazwa katika maji ya moto wa nyuzi 60, usiku na mchana. Kisha vyote hurudishwa kwenye joto moja na kukandamizwa kwa mashine hadi vipasuke. Tuseme vikavu vilipasuka kwa uzito wa kilo 1,000. Vilivyolowa vikipasuka kwa kilo 850, ni vizuri. Vikipasuka kwa kilo 500, mchanganyiko huo haufai kwa nchi ya mvua. Mara nyingi kipimo kinachodaiwa ni kwamba vilivyolowa vibaki na nguvu isiyopungua sehemu 80 katika kila 100.

(Tafadhali usijaribu kuchemsha lami nyumbani. Lami ya moto ikikuangukia inanata kwenye ngozi na kuendelea kuunguza. Ikikupata, mwaga maji baridi mengi juu yake na uende zahanati. Usiibandue.)

HESABU YA MIFUKO

Sasa tufanye hesabu pamoja. Chukua kalamu.

Chokaa inayotakiwa ni kidogo. Kwa kila kilo 100 za mawe huwekwa kilo 1 au 2. Sisi tuhesabu kwa kilo 1.

Lori moja linabeba tani 10 za mchanganyiko, yaani kilo 10,000. Tulisema mawe ni kilo 95 katika kila 100. Kwa hiyo mawe ni kilo 9,500. Chokaa ni kilo 1 kwa kila kilo 100 za mawe. Gawanya 9,500 kwa 100. Unapata kilo 95 za chokaa. Mfuko mmoja una kilo 25. Kwa hiyo ni mifuko karibu 4.

Lori hilo moja linafunika barabara ya urefu gani? Kama upana ni mita 6 na nusu, na unene ni sentimeta 5, litafunika mita 13 hivi. Basi mita 13 za barabara zinahitaji mifuko 4 ya chokaa. Kilometa nzima inahitaji mifuko 300 hivi.

Niliandika hesabu hiyo ubaoni niliporudi darasani. Watu wakanyamaza. Nilidhani hesabu imewashinda. Haikuwa hivyo.

Mama mmoja aliyekaa nyuma akasema, "Mwalimu, mimi nyumba yangu imepakwa chokaa hiyo."

Ndipo maneno yakatoka. Mwaka ule barabara ilipojengwa, mifuko ya chokaa iliuzwa kijijini usiku kwa bei ya chini. Waliouza ni vibarua, na wengine walisema hata walinzi na dereva mmoja. Walionunua ni sisi. Nyumba kama ishirini zilipakwa rangi nyeupe msimu ule, na hata ofisi ya kijiji ilipata mifuko miwili. Hakuna aliyeona vibaya. Watu walisema, "Lami ni nyeusi, chokaa ni nyeupe, wapi na wapi? Labda wameileta kwa kupaka mawe ya pembeni."

Nilirudi kambini kumwuliza mhandisi tena. Alifungua daftari la zamani la mtambo. Kulikuwa na siku kadhaa ambapo katika safu ya chokaa paliandikwa neno moja: "imekwisha". Lakini mchanganyiko siku hizo ulitoka kama kawaida, na malori yalimwaga kama kawaida. Kwa macho hakuna tofauti. Lami ni nyeusi ikiwa na chokaa, ni nyeusi ikiwa haina.

Sitaki kusema kwamba mifuko ile tu ndiyo iliyovunja mguu wa kijana wa bodaboda. Mahali penyewe palikuwa pia na mtaro ulioziba. Na msimamizi aliyeona neno "imekwisha" alitakiwa kusimamisha mtambo siku ile ile, hakusimamisha. Kosa lake ni kubwa kuliko la mnunuzi wa mfuko mmoja, na hili nalisema waziwazi. Lakini mzee aliyeuliza swali sasa alikuwa amepata jibu lake. Lami haikuwa lami ile ile huku na kule.

VITU VINGINE VINAVYOTIWA KATIKA LAMI

Chokaa si kitu pekee. Nitaeleza vingine kwa ufupi, maana mtavisikia.

Iko dawa ya maji inayotiwa ndani ya lami yenyewe badala ya kupakwa kwenye jiwe. Kazi yake ni ile ile, kuishikiza lami kwa jiwe. Huwekwa kidogo mno, mara nyingi chini ya kilo moja katika kilo 100 za lami. Baadhi ya dawa hizi hunuka kama samaki aliyechina. Nyingine hupoteza nguvu zikikaa siku nyingi ndani ya lami ya moto. Mhandisi yule alipenda chokaa zaidi, na mimi nilivyoelewa sababu zake, nakubaliana naye: chokaa huweza kuchomwa katika nchi yetu wenyewe, wakati dawa hizi nyingi hutoka viwanda vya nje.

Kisha kuna mpira. Katika milima mirefu, kama ule mlima wa Kitonga mkoani Iringa, malori hupanda polepole sana. Jua limeipasha lami, na siku ya jua kali uso wa barabara waweza kufika nyuzi 60. Lori zito likienda pole juu ya lami iliyolainika, hukandamiza muda mrefu mahali pamoja. Hutokea mifereji miwili mirefu, kama njia ya mkokoteni katika tope. Kuzuia hilo, wahandisi huchanganya lami na aina ya mpira unaotengenezwa viwandani, kilo 3 hadi 5 hivi katika kilo 100 za lami. Lami hiyo hukandamizwa ikarudi, kama raba. Ni ghali, kwa hiyo hutumiwa mahali penye shida.

Hata matairi makuukuu yana kazi. Katika miaka ya 1960 mhandisi Charles McDonald, wa mji wa Phoenix huko Marekani, alisaga mpira wa matairi ukawa chembe ndogo, akauchanganya na lami ya moto. Mji wa Phoenix una jua kali, na lami yake ilikuwa inapasuka. Njia yake imeenea nchi nyingi.

Na huko India, Profesa Rajagopalan Vasudevan wa mji wa Madurai alitumia mifuko ya plastiki iliyotupwa. Plastiki hukatwakatwa, hunyunyizwa juu ya kokoto zilizo moto, ikayeyuka na kulivika jiwe. Baadaye ndipo lami hutiwa. Mwaka 2018 serikali ya India ilimtunukia nishani ya Padma Shri. Lakini si kila plastiki inafaa. Plastiki ya mabomba ya maji ikiunguzwa hutoa moshi wenye sumu. Hii ni kazi ya mtambo na wataalamu, si ya jiko la nyumbani.

Ziko pia nyongeza za udanganyifu. Mjenzi asiye mwaminifu huongeza mafuta ya taa katika lami ili iwe nyepesi na ienee haraka. Mafuta ya taa yana kazi yake halali katika barabara, pale tabaka la udongo linaponyunyiziwa lami nyepesi kabla ya kufunikwa. Lakini yakitiwa katika mchanganyiko wa juu, barabara hubaki laini. Vivyo hivyo kuchemsha lami kupita kiasi. Lami iliyoungua hung'aa siku ya kwanza, kisha hukatika kama mkate mkavu.

YASIYOWEZEKANA KWA CHOKAA

Baada ya somo lile baadhi ya wanafunzi walianza kuizungumza chokaa kama mganga wa kila ugonjwa. Haiwezi hivyo.

Chokaa haiondoi maji barabarani. Mtaro ndio unaoondoa maji. Mtaro ukijaa takataka, mabua na udongo, maji husimama kando ya barabara na kuingia chini, kwenye udongo unaobeba barabara yote. Udongo ukilowa huwa laini. Hapo hata lami bora ya dunia itavunjika, kwa sababu inakalia tope. Kijijini kwetu mtaro uliziba pale pale watu walipoweka njia za kuingilia majumbani kwa kumwaga vifusi bila kuweka bomba la kupitisha maji. Ni kweli kwamba kila mtu anataka gari lifike mlangoni kwake. Lakini bomba moja lingetosha.

Wala chokaa haizuii uzito. Katika miaka ya 1958 hadi 1960, huko Illinois, Marekani, malori yalizungushwa juu ya barabara za majaribio mchana na usiku, ili kupima uharibifu. Wakagundua kwamba ukizidisha uzito wa ekseli mara mbili, uharibifu hauzidi mara mbili. Huzidi kiasi cha mara 16. Hesabu yake ni hii: 2 mara 2 ni 4, mara 2 ni 8, mara 2 ni 16. Ndiyo maana serikali zimeweka mizani njiani. Katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, ekseli moja yenye magurudumu manne isizidi tani 10, na gari zima na mzigo wake lisizidi tani 56. Dereva anayekwepa mizani usiku kwa kupita njia ya kijijini anakula barabara yetu kwa kiwango cha mara 16, huku sisi tukimwonyesha njia kwa sababu ametupa fedha ya soda.

Jambo jingine ni dizeli. Lami na dizeli ni ndugu wa tumbo moja, wote wametoka katika mafuta ghafi, kwa hiyo dizeli huiyeyusha lami. Mahali malori yanapoegeshwa na kutengenezwa barabarani, lami hulainika na kuchimbika. Hilo si la kurekebishwa kwa chokaa wala kwa mpira.

TULICHOFANYA

Darasa liliamua mambo mawili. La kwanza lilikuwa rahisi: siku ya Jumamosi tulizibua mtaro kwa majembe, na fundi mmoja akaweka mabomba katika njia tatu za majumbani. La pili lilikuwa gumu zaidi. Mafundi walipoanza kumwaga lami mpya katika kipande kibovu, wajumbe wawili wa kijiji walimwomba mhandisi ruhusa ya kusimama kwenye ghala la chokaa kila asubuhi na kuandika katika daftari: mifuko iliyoingia, mifuko iliyotumika, mifuko iliyobaki. Mmoja wa wajumbe hao ni yule mama wa nyumba nyeupe. Miaka mitatu nyuma hakujua kusoma wala kuandika. Daftari lake nimeliona. Tarakimu zake ni kubwa na zimelala upande, lakini jumla zote ni sahihi.

Siku ya mwisho mzee yule aliuliza kama chokaa iliyo ukutani inaweza kukwanguliwa na kurudishwa barabarani. Darasa lilicheka sana. Mimi nilimpelekea mhandisi swali hilo, na jibu ni hili. Haiwezekani. Chokaa iliyopakwa ukutani huvuta hewa, na siku zikipita inarudi kuwa jiwe kama ilivyokuwa kabla ya kuchomwa. Hata mfuko ulioachwa wazi ghalani hupatwa na hali hiyo hiyo, polepole. Ndiyo maana katika daftari la mama yule kuna safu ya nne, aliyoiongeza mwenyewe: "mifuko iliyopasuka".

MASWALI YA KUJADILIANA DARASANI

1. Katika kilo 100 za mchanganyiko wa barabara, lami ni kilo ngapi?

2. Kwa nini mama hupaka mikono mafuta kabla ya kupasua fenesi? Jambo hilo linafanana vipi na maji na lami?

3. Malori 6 ya tani 10 yamemwaga mchanganyiko leo. Kila lori linahitaji mifuko 4 ya chokaa. Ghalani imetoka mifuko 19. Mingapi imepungua?

4. Ni mitaro ipi imeziba katika kijiji chenu? Nani aliiziba, na kwa sababu gani?

5. Msimamizi aliyeandika "imekwisha" angefanya nini siku ile?